Juya la baba limechukuliwa: ni sheria ya nani?

*Assalaam aleikum, wakili. Mimi ni msichana wa Kizingitini, Lamu, hapa Kenya, na babangu ni mvuvi wa juya, ule wavu mrefu wa kukokotwa hadi ufuoni, tangu sijazaliwa. Wiki mbili zilizopita maafisa walikuja na boti, wakalibeba juya lote na kamba zake, na walipoulizwa wakajibu "ni sheria", basi. Baba anasema hajapata kusikia Bunge likijadili juya hata siku moja. MCA, mjumbe wetu wa bunge la kaunti, alituambia wakati wa kampeni kwamba kaunti itatunga sheria yake na kuruhusu. Mjomba anataka twende Malindi, kwa sababu wavuvi waliishinda serikali kortini kule kwa ile bandari ya Lamu. Na barazani wapo wanaosema Rais akitamka tu, mambo yamekwisha. Nauliza: nani hasa anayetunga sheria, na katika hawa wote nani anaweza kumzuia mwenzake?*

Waaleikumu salaam, mwanangu. Pole kwa juya. Nalijua thamani yake. Ni miezi ya kushona, na riziki yake inaingia nyumba zaidi ya moja, maana juya halivutwi na mtu mmoja.

Nianze na neno la afisa. Kapatia, ila kaliacha nusu. Baba naye yuko sawa: Bunge halikukaa kujadili juya. Juya lilipigwa marufuku mwaka 2001, pamoja na bunduki za kuchomea samaki, kwa tangazo lililochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Wakati huo kulikuwa na Sheria ya Uvuvi, Sura ya 378. Bunge lilikuwa limeshaipitisha zamani, na ndani yake likaacha mlango wazi: wenye dhamana ya uvuvi wakapewa uwezo wa kusema zana gani itumike, wapi na msimu gani. Wakaingia kwa mlango huo. Sheria ile ya zamani imeshaondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya 2016, lakini mtindo ni uleule. Bunge linapiga mstari mkubwa, waziri anajaza vijistari.

Watu wengi hawalijui hili. Sheria inayomgusa mtu wa pwani kila siku mara nyingi si ile wabunge wanayorushiana maneno kwenye televisheni. Upana wa jicho la wavu, ada ya leseni ya chombo, idadi ya abiria kwenye boti, yote hayo huandikwa na watu wachache afisini, wakati sote tumelala. Waliotunga Katiba ya 2010 waliiona hatari hiyo. Kifungu cha 94 kinasema hakuna mtu wala chombo, ila Bunge, chenye uwezo wa kuweka jambo lenye nguvu ya sheria, isipokuwa amepewa uwezo huo na Katiba au na sheria. Na sheria inayompa lazima itaje kwa kusudi gani na kwa mipaka ipi. Mwaka 2013 Bunge likaongeza kufuli jingine. Waziri akichapisha kanuni ndogo, lazima ifikishwe mbele ya Bunge ndani ya siku saba za vikao. Isipofikishwa, inakufa yenyewe. Ikifikishwa, kuna kamati kazi yake ni kuipekua, na inaweza kupendekeza ifutwe.

Kwa hivyo mtu akikwambia "ni sheria", muulize kwa adabu: ni sheria gani, ya mwaka gani, na karatasi yake iko wapi? Kuuliza hivyo si ujeuri. Kifungu cha 47 kinampa baba haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale hatua ya kiserikali inapogusa haki yake, na cha 35 kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola.

Kwetu Lamu tuna mfano mzuri wa karatasi ya waziri kukutana na jaji, nao ni wa punda. Februari 2020 waziri wa kilimo alipiga marufuku uchinjaji wa punda wa kibiashara, baada ya punda kuibiwa usiku na kupungua nchini kwa ajili ya soko la ngozi. Machinjio manne yaliyokuwa na leseni yakafungwa. Mei 2021 Mahakama Kuu kule Naivasha ikalitengua katazo lile. Sisi tunaoishi na punda tulisikitika, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Lakini ndivyo inavyokwenda: jambo linaweza kuwa jema na karatasi yake isisimame mbele ya jaji.

Sasa, kabla sijaendelea, nikwambie ukweli ambao huenda hukuutaka. Sidhani marufuku ya juya ni ya uonevu. Utotoni nimevuta kamba ya juya kule Pate, pamoja na wajomba, jua likiwa bado halijachomoza. Kifuko kilipofika ufuoni kikafunguliwa, ndani mlikuwa na tasi wa urefu wa kidole changu, chaa wadogo wasioweza hata kukaangwa, na marundo ya nyasi za bahari zilizong'olewa na mizizi yake. Tulichagua wakubwa, wadogo tukawaachia kunguru. Nikikumbuka lile rundo, siwezi kukuandikia kwamba afisa hana hoja. Lakini kuwa na hoja ni jambo moja, kuchukua mali ya mtu bila karatasi ni jambo jingine, na swali lako ni hilo la pili.

Twende kwa MCA. Katiba ina Jedwali la Nne linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Kwa uvuvi jedwali hilo lina utata kidogo. Upande wa kaunti, chini ya kilimo, imeandikwa uvuvi wa samaki. Upande wa taifa, chini ya kulinda mazingira na maliasili, umetajwa uvuvi tena. Kila mmoja anasoma ukurasa wake. Kwa tafsiri iliyozoeleka, kaunti ina nafasi kubwa katika mialo, barafu, soko, mafunzo, kusaidia vikundi vya BMU, yaani vya wavuvi vinavyosimamia fukwe zao. Hata magati yetu ni ya kaunti, maana jedwali limeipa feri na bandari ndogo, ila si usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Lakini zana gani iingie baharini na ipi isiingie, hapo taifa lina neno zito.

Na wakigongana? Kifungu cha 191 kinasema sheria ya taifa inaishinda ya kaunti ikiwa inatumika sawasawa nchi nzima na imetimiza moja ya masharti yaliyotajwa. Mojawapo limeandikwa waziwazi: kulinda mazingira. Basi MCA wako na wenzake wa wadi zote kumi za Lamu wakiinua mikono kuruhusu juya, na gavana akatia saini, sheria hiyo ingekutana na ile ya taifa kortini, na mimi nisingekuwa tayari kuitetea. Sisemi alidanganya. Aliahidi kitu ambacho ufunguo wake hana. Angeahidi gati na mashine ya barafu angekuwa ndani ya kazi yake.

Ufunguo uko Nairobi, na kule ndiko mbunge wa Lamu Mashariki na seneta wetu wanakokaa. Safari ya mswada nitaieleza kwa ufupi kwa sababu vitabu vya shule vimeieleza vya kutosha: unachapishwa, unasomwa mara ya kwanza bila mjadala, unakwenda kwenye kamati, unarudi kusomwa mara ya pili kwa mjadala, Bunge zima linageuka kamati kupitia kifungu kimoja kimoja, kisha unasomwa mara ya tatu na kupigiwa kura. Ukigusa kazi za kaunti, kama uvuvi unavyogusa, lazima upite Bunge la Taifa na Seneti pia. Mabunge hayo mawili yasipokubaliana, inaundwa kamati ya upatanishi yenye idadi sawa ya watu kutoka kila upande, nayo ikishindwa kuafikiana ndani ya siku 30, mswada umeanguka. Na muhula wa Bunge ukiisha mswada ukiwa njiani, umekufa. Wewe wa Kizingitini unalifahamu hilo bila wakili: ni boti iliyochelewa kuingia mkondo wa Mkanda. Maji yakishatoka, hata nahodha awe hodari vipi, mtalala kwenye tope na mikoko.

Sehemu ninayotaka ukae nayo ni ile ya kamati, kwa sababu ndipo mtu asiye na cheo anapoweza kuugusa mswada ukiwa bado wa moto. Kifungu cha 118 kinalilazimisha Bunge lishirikishe umma. Mabunge ya kaunti nayo yana sharti kama hilo. Kwenye karatasi ni jambo zuri sana. Sasa nikupe nilichoona kwa macho.

Miaka kadhaa nyuma nilihudhuria kikao kimoja cha maoni ya umma. Cha nani, niachie mwenyewe. Tangazo lilikuwa limetoka kwenye gazeti la Kiingereza, gazeti ambalo likifika visiwani basi limefika jioni. Ukumbi ulikuwa bara, kwa hiyo mtu wa kisiwani alipe nauli ya boti kwenda na kurudi, na apoteze siku ya kazi. Mswada ulikuwa na kurasa nyingi, wote Kiingereza. Walikuja wazee wanne, kina mama wawili, na vijana waliosikia kuna chai. Mzee mmoja akasimama, akauinua ule mswada juu kama mtu anayeonyesha samaki mnadani, akasema: "Nisomeeni ukurasa wowote kwa Kiswahili, nami nitatoa maoni." Karani alipekua mafaili yake. Hakuwa na Kiswahili. Mzee akakaa. Orodha ya waliohudhuria ikapitishwa, tukatia saini, na kwenye ripoti nadhani sote tulihesabiwa kuwa tumeshirikishwa.

Katiba inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Yule mzee alikuwa anadai haki, na laiti maneno yake yangeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, yangekuwa silaha baadaye. Hilo ndilo nililojifunza siku ile: ukienda kwenye kikao, usiseme tu, hakikisha umeandikwa. Peleka maoni yako kwenye karatasi, kwa Kiswahili, hata kwa mkono, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Rais sasa. Wale wa barazani wanazungumza kama watu wa miaka ya themanini. Tamko la barabarani si sheria. Kifungu cha 135 kinataka uamuzi wa Rais anapotekeleza kazi aliyopewa na Katiba uwe wa maandishi, wenye muhuri na saini yake. Yeye pia anaombwa karatasi, unaona. Mswada ukipita Bunge unamfikia, naye ana siku 14: atie saini, au aurudishe na sababu zake. Kuukalia hawezi, maana siku zikipita kimya, unahesabiwa umetiwa saini. Akiurudisha, Bunge likubali marekebisho yake au limpinge kwa thuluthi mbili ya wabunge wote. Kwa Bunge la Taifa lenye wabunge 349, hiyo ni kura 233, na Rais mwenye chama chenye nguvu hana haja ya kuogopa hesabu hiyo.

Uliona mwenyewe Juni 2024. Bunge lilipitisha Mswada wa Fedha tarehe 25, vijana wakiwa barabarani, na damu ikamwagika. Kesho yake Rais akakataa kutia saini, akaurudisha akitaka vifungu vyote viondolewe. Kwa maandishi ni siasa ya kawaida ya kifungu cha 115. Lakini kilichomsukuma hakikutoka bungeni wala kortini, na wakili akikueleza mfumo huu bila kukitaja anakuficha kitu.

Tumfikie mjomba wako na Malindi. Anachokisema ni kweli: tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilitoa hukumu katika kesi ya watu wa Lamu kuhusu mradi wa LAPSSET, ambao bandari hiyo ni sehemu yake, ikaamuru wavuvi zaidi ya elfu nne walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Majaji walikuta kwamba haki za wavuvi wa jadi zilivunjwa, haki ya mazingira safi na ya utamaduni pia, na kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mwaka uliofuata, Juni 2019, baraza la rufaa za mazingira likaifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Lamu. Tena sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji mbovu. Yule mzee wa "nisomeeni kwa Kiswahili" hakuwapo kwenye kesi hizo, lakini hoja yake ndiyo iliyoshinda.

Ila mjomba asikie na upande wa pili. Korti haikuufuta mradi wa bandari. Gati la kwanza lilizinduliwa Mei 2021, na meli zinatia nanga. Serikali ilikata rufaa, na fidia ikachukua miaka ya mazungumzo. Jaji hana jeshi wala hana hazina. Ana kalamu, na kalamu ile inafanya kazi kwa sababu wengine wamekubali kuitii. Na jaji mwenyewe ana wa kumzuia. Mahakama ya Rufaa ilipoibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, Julai 2024, Mahakama ya Juu iliirudisha Oktoba mwaka huohuo. Bajeti ya mahakama hupitishwa na Bunge. Majaji hupendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama na kuteuliwa na Rais, na huko nako kuna kuvutana: Juni 2021 Rais aliteua majaji 34 akawaacha sita nje ingawa tume ilikuwa imewapendekeza, wakasubiri mpaka Septemba 2022, alipoingia Rais mwingine, ndipo wakaapishwa. Hakuna aliyewaambia watu wa kawaida waliokuwa na kesi kwamba foleni yao imerefushwa na mzozo huo.

Unaniuliza nani anaweza kumzuia nani. Karibu kila mmoja anaweza kumzuia mwenzake, kwa muda, na kwa njia yake. Bunge linaweza kumwondoa hata naibu wa Rais. Oktoba 2024 lilifanya hivyo, Bunge la Taifa likishtaki na Seneti ikihukumu. Gavana anaweza kushtakiwa na bunge la kaunti yake na kutolewa na Seneti. Jaji anaweza kuifuta sheria ya Bunge inayopingana na Katiba. Bunge nalo linaweza kurudi na kuitunga upya kwa njia sahihi, na hilo watu husahau: kushinda kesi kwa sababu hamkushirikishwa kunaweza kuwapa muda tu, kisha waje wawashirikishe, wapitishe jambo lilelile.

Ndiyo maana sikushauri ukimbilie Malindi kupinga marufuku ya juya. Kesi ya bandari ilikuwa ya watu wengi, yenye ushahidi wa miaka, na wenye madai walikuwa wanatetea bahari. Ninyi mtaingia kortini mkitetea zana inayodaiwa kuiharibu, na wakili wa serikali atawasomea hukumu ileile ya 2018, kifungu cha mazingira safi, awatumie dawa yenu wenyewe.

Kuna mambo mawili yenye maana zaidi. La kwanza, juya lenyewe. Baba aandike barua kwa afisi iliyolichukua, aulize kwa sheria gani, kama kuna mashtaka, na mali iko wapi. Kama kuna kesi, aende kwenye kesi, na aombe mkalimani kama lugha itamtatiza. Hiyo ni haki yake. Kama hakuna kesi, barua hiyo ndiyo mwanzo wa dai lake.

La pili ni la kina baba wote wa Kizingitini. Serikali ilipiga marufuku zana bila kuwapa nyingine, na hilo linaweza kubadilishwa. Kifungu cha 119 kinamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi bungeni, na linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Ombeni fedha za kubadilisha nyavu, majarife yenye jicho halali, na muda wa kuhama. Nakala moja kwa Bunge la Kaunti, kwa sababu mafunzo na mialo ni kazi yao, na hapo MCA wako atapata nafasi ya kutimiza ahadi kwa ufunguo alio nao. BMU yenu iwe ya kwanza kutia saini, na majina yawe ya watu wanaovua kweli, maana kamati ikija itawaita mmoja mmoja.

Na baba asitie saini wala kidole gumba kwenye karatasi yoyote ya maafisa kabla hajasomewa yote kwa Kiswahili. Akishapata jina la sheria na nambari ya kifungu walichotumia, niandikie tena.